Shangazi wa nani? Juu ya kurasa za ushauri wa ndoa katika majarida ya wanawake

Hakuna ukurasa katika majarida ya wanawake unaosomwa na wengi na kuheshimiwa na wachache kama ule wa barua za mapenzi na ndoa. Wasomi huupita kwa kicheko, wanaume huufungua kwanza wakati mwenye jarida hayupo, nao wahariri, ambao wanazijua hesabu zao, hawathubutu kuufuta. Kwa mchunguzi wa lugha, hata hivyo, ukurasa huo una jambo ambalo riwaya na shairi hazina. Mtu anamwandikia mtu asiyemjua, anamweleza mambo ambayo hangemweleza jirani yake, kisha anamwomba neno. Ili ombi hilo liwezekane, sharti swali moja lijibiwe kwanza: mwenye barua amwite nani huyo anayemwandikia? Makala haya yanashikilia kwamba jina hilo la kuitia si pambo. Linaahidi ushauri wa namna fulani, na mara nyingi linaficha kwamba ahadi hiyo haiwezi kutimizwa.

Yafaa kuanza na Kiswahili chenyewe. Neno "shauri", lililotoka katika Kiarabu, si kwanza jina la kitu kinachotolewa na mmoja na kupokelewa na mwingine. Watu hufanya shauri, hukata shauri, hupeleka shauri barazani. Na mahakamani hadi leo shauri ni kesi, yaani jambo lenye pande mbili na wasikilizaji. Kitenzi chake hupenda kauli ya kutendana: watu hushauriana. "Ushauri" ni mtoto wake aliyekulia mjini. Huo hutolewa. Una mtoaji na mpokeaji, una mtaalamu na mteja, nao waweza kupigwa chapa na kuuzwa. Tena kuna msemo ambao kila mtoto wa Kiswahili ameusikia ukitamkwa kwa hasira, "shauri yako!", maana yake: jambo hili sasa ni lako peke yako, wengine wamenawa mikono. (Wanasarufi wangetaka iwe "shauri lako", lakini hasira haijali ngeli.) Ukurasa wa barua, popote ulipo, unazunguka kati ya maneno haya matatu. Unaitwa ushauri, unajifanya shauri, na mara nyingi unaishia katika shauri yako.

Historia yake inaanza mbali na majarida ya wanawake, na kwa kiasi kikubwa bila wanawake wenyewe. Mwezi wa Machi 1691 muuza vitabu mmoja wa London, John Dunton, alianza kutoa karatasi iliyojulikana kama Athenian Mercury, ambamo wasomaji waliuliza chochote, kuanzia mambo ya nyota hadi mambo ya chumbani, bila kutaja majina yao. Waliojibu walijiita chama cha wataalamu. Kwa kweli walikuwa Dunton mwenyewe na marafiki wachache, wakiwemo Richard Sault, mtu wa hesabu, na kasisi Samuel Wesley. Dunton na Wesley walikuwa mwanyumba, kwa kuwa walioa mtu na dada yake. Kwa hiyo kile chama kitukufu kilikuwa, chini ya joho lake, jambo la ukweni. Mwaka 1693 likatokea papo hapo London jarida dogo la maswali ya wanawake peke yao, Ladies' Mercury, ambalo halikupita matoleo manne. Tangu mwanzo, basi, ukurasa huu ulikuwa na uso mmoja mbele na watu wengine nyuma.

Mchezo huo ulirudiwa Afrika ya Kusini karne mbili na nusu baadaye. Jarida la Drum, lililozaliwa mwaka 1951, lilikuwa na safu ya barua iliyopewa jina na sura ya Dolly Rathebe, mwimbaji na mwigizaji ambaye watu walimfahamu tangu filamu ya mwaka 1949. Majibu yaliandikwa na wanaume wa chumba cha habari. Kijana wa kiume aliyemfungulia Dolly moyo wake alikuwa akimfungulia moyo kijana mwingine wa kiume aliyekaa mbele ya taipureta. Safu hiyo ilifika Afrika ya Magharibi na ya Mashariki kwa matoleo ya huko, na mwanahistoria Kenda Mutongi, katika makala yake ya mwaka 2000 juu ya Dolly wa miaka 1960 hadi 1980, ameonyesha jinsi picha ya msichana mwema na msichana mbaya ilivyochorwa humo na mikono isiyokuwa ya wasichana.

Jina likishatengwa na mwenye jina, laweza kurithiwa. Ann Landers wa magazeti ya Marekani alibuniwa mwaka 1943 na muuguzi Ruth Crowley wa Chicago. Mwaka 1955 jina hilo likachukuliwa na Eppie Lederer, akalibeba hadi kifo chake mwaka 2002. Msomaji wa Katanga hatashangaa. Kule Luapula Mwata Kazembe hafi, wanaokufa ni wale wanaolivaa jina. Tofauti ni kwamba anayelivaa jina la Kazembe hurithi pia watu, madeni na makaburi. Aliyelivaa jina la Ann Landers alirithi barua tu.

Ufaransa ilifuata njia nyingine. Jarida la Elle lilianza mwaka 1945, na tangu 1946 hadi 1987 ukurasa wake wa "barua za moyo", kama Wafaransa wauitavyo, ulikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja, Marcelle Ségal, aliyetia sahihi kwa jina lake. Majibu yake yalikuwa mafupi na makali, yenye mzaha usiobembeleza. Hakudai kuwa mama wala dada wa mtu. Ni rahisi kuusifu unyofu huo, nao unastahili sifa; lakini mhakiki anayeusoma ukurasa wa namna hiyo bila kufungua kando yake kitabu cha sheria cha mwaka ule ule atahukumu ovyo. Kabla ya sheria ya tarehe 13 Julai 1965, mume wa Kifaransa aliweza kumpinga mkewe asifanye kazi, naye mke hakuweza kujifungulia hesabu benki bila idhini. Sheria ya mwaka 1920 ilikataza kueneza habari za kuzuia mimba, na kizuizi hicho hakikulegezwa ila mwaka 1967. Kwa hiyo, kwa miaka kama ishirini ya mwanzo, mshauri alizungumza juu ya moyo wa mwanamke ambaye mfuko na tumbo lake vilikuwa chini ya amri ya wengine. Yaliyo kimya katika majibu ya miaka ile hayakuwa uoga wa mwandishi peke yake. Mengine yalikatazwa kuandikwa.

Kati ya kurasa zote za namna hii, ule unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni wa Ladies' Home Journal la Marekani, jarida lililoanza mwaka 1883 na kuacha kutoka kila mwezi mwaka 2014. Tangu mwaka 1953 lilikuwa na safu ambayo kichwa chake kiliuliza kama ndoa hii yaweza kuokolewa. Habari zake zilitoka katika majalada ya taasisi ya Los Angeles iliyoongozwa na Paul Popenoe. Mpango wake ulikuwa hivi: kwanza mke anasema upande wake kwa kirefu, kisha mume anasema wake, kisha mshauri anasema. Wasomaji wa kwanza wa mke humhurumia. Wanapomaliza maneno ya mume hukuta kwamba jambo lile lile, chakula kilichopoa au mama mkwe aliyekuja kutembea akabaki, lina sura nyingine kabisa. Ndipo anapoingia wa tatu.

Mtu aliyewahi kukaa barzani wakati wa kukata maneno ya mke na mume atautambua mpango huo papo hapo. Ni kikao. Kuna mlalamikaji, kuna mlalamikiwa, kuna mzee anayesubiri wote wawili watapike kilichomo ndipo aseme. Ni ajabu kwamba katika nchi inayosifiwa na kulaumiwa kwa ubinafsi wake, jarida la wanawake lilijenga upya kwa karatasi kile ambacho Waafrika hudhani ni mali yao peke yao. Wala ajabu hiyo isimpofushe msomaji. Popenoe alikuwa mtu wa kutetea uteuzi wa uzazi kati ya watu "bora" na watu "duni", na ndoa aliyotaka kuiokoa ilikuwa kwanza ndoa ya watu wa rangi na tabaka lake. Tena katika miaka ile ya mwanzo, mwisho wa habari ulijulikana kabla haujafika: ndoa iliokoka, na mara nyingi aliyebadilika zaidi ili iokoke alikuwa mke. Kikao cha karatasi kilirithi faida ya kikao, ambayo ni kusikiliza pande mbili; kilirithi pia kasoro yake, kwa maana wazee huipenda amani kuliko haki. Hata hivyo umbo lenyewe lina thamani. Mume alilazimika kuonekana. Katika kurasa nyingine zote zilizotajwa, mume ni jina ndani ya barua ya mkewe, au mke ni jina ndani ya barua ya mumewe, na hakuna awezaye kusema, "Hapana, haikuwa hivyo."

Ikiwa Marekani, isiyo na ukoo, ilibuni kikao, je, Kiswahili chenye ukoo kilibuni nini? Kimaandishi, ushauri wa ndoa katika Kiswahili una babu mtukufu, au tuseme bibi. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepingana na Sultani wa Unguja, alimtungia binti yake utendi akiwa mgonjwa, na ndani yake akamweleza jinsi ya kuishi na watu, na mume akiwemo. Mabishano juu ya utendi huo hayajaisha. Kuna walioulaumu kwa kufundisha utii, na kuna wengine, Ann Biersteker miongoni mwao, waliosikia chini ya utii huo sauti ya mwanamke anayeyajua mamlaka na njia zake. Kwa hoja ya hapa yatosha kutazama nani anamwambia nani. Anayesema ni mama, anayeambiwa ni binti wa tumbo lake, na anayesema anajua kwamba hatakuwapo kuona matokeo. Hilo ni wosia. Lina gharama kwa anayelitoa. Utendi ulipoanza kusomwa na kunakiliwa na mabinti wasiokuwa wa Mwana Kupona, ulipata wasomaji wengi, lakini kila mmoja wao alijua kwamba anasikiliza maneno yaliyoelekezwa kwa mwingine.

Gazeti halikuchagua sauti ya mama. Katika Taifa Leo la Nairobi, ambalo si jarida la wanawake bali ni gazeti la kila siku, wasomaji wa mapenzi na ndoa humwandikia "Shangazi". Barua huanza kwa "Shikamoo shangazi" au "Kwako shangazi". Huja fupi, nyingine zimetumwa kwa simu, na jibu mara nyingi halizidi sentensi chache. Uchaguzi wa jina hili wastahili kuangaliwa kwa sababu si wa pwani. Katika miji ya Waswahili, kazi ya kumfunda mwari na bibi arusi ilikuwa ya somo au kungwi, mwanamke anayepewa kazi hiyo kwa ujuzi wake na si lazima awe dada wa baba. Anayefunda kwa sababu ni dada wa baba ni mtu wa bara. Waganda humwita ssenga, Waluyia humwita senge, Wanyarwanda masenge, Wabemba mayosenge. Mzizi ni ule ule, na katika Buganda na Rwanda kazi ni ile ile ya kumwandaa msichana kwa ndoa. Taifa Leo, basi, limechukua neno la pwani na kulivika cheo cha bara. Kwa lugha ya taifa hilo ni tendo la busara: wasomaji wa makabila mengi wanaelewa mara moja ni nani anayeruhusiwa kuambiwa mambo ya chumbani bila aibu.

Uganda cheo hicho kilikwenda sokoni mapema zaidi, kwa uwazi zaidi. Sylvia Tamale, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2005, ameeleza jinsi ssenga alivyotoka nyuma ya nyumba akaingia redioni, katika vijitabu na katika safu za magazeti, akilipwa ada. Hukumu yake ina pande mbili, nayo ni ya haki. Taasisi hiyo ilitumika kumfundisha mwanamke kupiga magoti. Lakini wanawake wa mjini wameigeuza mahali pa kuzungumza juu ya raha yao wenyewe, pesa zao wenyewe na hata njia za kutoka. Jambo moja tu linahitaji kuongezwa. Ssenga wa damu hakuwa mwalimu tu. Alikuwa mtu ambaye mahari ilipita karibu naye. Ndoa ikiharibika, msichana alikimbilia kwake, naye alikuwa na haki ya kwenda kwa kaka yake na kusema, "Mtoto wetu anaumizwa kule." Ushauri wake wa kuvumilia, na hata wa kupiga magoti, ulikuwa na mlango nyuma yake. Ssenga wa redio na Shangazi wa gazeti wana maneno yale yale ya mdomo, wala hawana mlango. Wakisema "vumilia", hakuna atakayekuja kuangalia imefikia wapi. Wakisema "mwache", hakuna atakayezungumza juu ya kurudisha mahari.

Isidhaniwe kwamba shangazi wa damu hakuwa na madhara. Yeye alikuwa na upande. Alikuwa wa ukoo wa baba, na siri aliyoambiwa iliweza kufika barazani kabla ya jioni. Wengi wanaomwandikia Shangazi asiye na ukoo wanamwandikia kwa sababu hiyo hasa: hana wa kumwambia. Faida hiyo ni kubwa, na mhakiki anayeipuuza hajawahi kuwa na siri. Lakini basi gazeti lingesema wazi kwamba linauza usiri, badala ya kuazima jina la mtu ambaye kazi yake ilikuwa kinyume cha usiri. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, walipounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987 na kutoa jarida lao, walichagua kuliita Sauti ya Siti, kwa jina la mwimbaji Siti binti Saad. Hawakumwita Siti shangazi wa mtu. Jina lile linaahidi sauti, na sauti ndicho kitu ambacho karatasi yaweza kweli kutoa.

Nchini Kongo swali hili si la nadharia. Kwa muda mrefu majarida ya wanawake yaliyosomwa Lubumbashi na Kinshasa yaliandikwa kwa Kifaransa. Lililojulikana zaidi, Amina, lililoanza mwaka 1972 kwa ajili ya wanawake wa Afrika, lilipita mkono kwa mkono katika nyumba ambamo maneno ya mke na mume hukatwa kwa Kiswahili au kwa Kilingala. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 iliifanya mahari kuwa sharti la ndoa, yaani ilitambua kwamba familia mbili zimekaa chini. Na sheria hiyo hiyo ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga atoe huduma yeye mwenyewe, sharti lililoondolewa kwa marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016. Ushauri uliomwambia mke wa Kongo kati ya miaka hiyo "tafuta kazi, ujitegemee" ulikuwa mwema kama ule uliotolewa Ufaransa kabla ya 1965, na ulikuwa na tundu lile lile. Hata baada ya 2016 mahari imebaki. Anayejibu barua kutoka Lubumbashi bila kuuliza mahari iko wapi, ilipokewa na nani na wangapi bado wanadai, hajajibu barua aliyoandikiwa.

Ukurasa wa Kiswahili ukianzishwa huko, mshauri ataitwaje? Katika mitaa ya mjini "tantine" ni jina la kila mwanamke mzima, na kwa hiyo halimfungi yeyote. "Shangazi" litaeleweka, ila si kwa wote sawa. Kwa Waluba wa Katanga, wanaohesabu ukoo kwa baba, litabeba uzito; na Waluba wa Kasai, ambao ni wengi mjini, humwita dada wa baba tatu mukaji, yaani "baba wa kike", cheo kizito zaidi ya shangazi. Lakini kwa Wabemba na Walamba, wanaohesabu ukoo kwa mama, mayosenge anaheshimiwa, na walakini mtoto si wa ukoo wake. Anayemfunda msichana wa Kibemba katika chisungu ni nacimbusa, mwanamke wa ujuzi kama kungwi wa pwani, na neno la mwisho ni la mjomba. Shangazi wa gazeti atakayewaandikia wote hawa kwa jibu moja atakuwa amewapa ukoo wasio nao.

Ugumu huo unaonekana wazi kabisa kwa wasemaji wa Kinyarwanda wa Rutshuru na Masisi, ambao husoma Kiswahili kila siku. Katika lugha yao haiwezekani kusema "shangazi" tu. Masenge ni shangazi yangu, nyogosenge ni shangazi yako, nyirasenge ni shangazi yake. Mwenye shangazi amekwisha kutajwa ndani ya neno, kabla mtu hajafungua kinywa kumlalamikia mumewe. Kiswahili kimemwacha mwenyewe nje, na kwa sababu hiyo neno limeweza kusimama peke yake juu ya ukurasa, likauzwa pamoja na bei ya mafuta na matokeo ya mpira. Mtu wa Goma akipewa kazi ya kuihamisha safu hiyo katika Kinyarwanda, hatafika mstari wa pili. Atakwama kwenye kichwa, akitafuta kiambishi.